Nilivyobeba Hewa Kutoka Nyaishozi Hadi Kyerwa

Shida zangu zilianza mwaka 1969, nikiwa na miaka tisa. Baba alifariki msimu wa kuchuma kahawa, na kabla matanga hayajaanuliwa ndugu zake walikuwa wamekwisha gawana kibanja mgomba kwa mgomba, mpaka shimo la kuivishia ndizi likapata mwenyewe. Mimi nilipata blanketi. Shule niliiacha darasa la pili nikaanza kubeba mizigo ya watu, kahawa, chumvi, mabati, hata kinanda cha kanisa nimekipandisha mlima. Tangu siku hizo sijawahi kufikisha mzigo wa mtu ukiwa pungufu. Hilo mlijue kwanza. Bila hilo hamtaelewa kwa nini mzee mwenye mashine yake ya kukoboa kahawa alionekana Omurushaka amekumbatia mtungi kama mtoto mchanga.

Mmeniuliza sana pale mashineni, na kila mtu ana kipande chake. Wengine mnasema nilikwenda kuuza gesi. Wengine mnasema nilikamatwa na wageni haramu. Sasa nakaa chini niandike, mwenye kusoma asome, na asiyejua kusoma atafute wa kumsomea kama mimi nilivyokuwa nikitafuta zamani.

Nyaishozi: mzigo wenyewe

Binti yangu wa mwisho, Kokugonza, ambaye wote mnamwita Koku, ana kazi ambayo kwa miaka minne nilishindwa kuieleza hata kanisani. Alisomea pwani mambo ya kutunza bahari: samaki wanazaliana wapi, matumbawe yasivunjwe kwa baruti, nyavu zipi zinafaa na zipi zichomwe moto. Halafu akaongeza masomo mengine, ya kulinda vitu vya kale vilivyozama. Nikamuuliza, "Mkivipata mnavifanyaje?"

"Tunavipima, tunavichora, tunaviacha."

"Mnaviacha wapi?"

"Palepale, Taata."

Nikabadilisha mazungumzo, kwa heshima ya ada niliyokuwa nimelipa.

Mwaka huu akaletwa karibu na nyumbani. Huko Kyerwa, bondeni kupita Isingiro, kuna ziwa dogo ambalo wavuvi waliona mtumbwi wa kale ndani ya tope, umejaa majembe yaliyofuliwa na watu wa zamani. Koku akapewa kazi ya majaribio kulinda mazalia ya samaki pamoja na mtumbwi huo. Mkubwa wake, Bi Salma, angekuja kutoka pwani auone kwa macho yake. Akiuona, Koku anaajiriwa moja kwa moja. Asipouona, mradi unakunjwa.

Nami Krismasi iliyopita, alipopata habari ya kazi hiyo, mbele ya familia nzima, nilikuwa nimemwambia Koku: mradi ukikunjwa, unarudi nyumbani kushika kibanja na mashine. Maana mrithi ninayemtaka ni yeye, na mrithi ninavyojua mimi ni mtu anayelala kwenye kibanja chake. Kaka zake nimewapima wote. Mmoja nikimpa atauza kabla mwili wangu haujapoa. Mwingine hawezi kutofautisha mbuni na mchungwa. Koku alikubali tukapeana mkono. Kwa hiyo mjue, nilikuwa na hamu kubwa mradi ule ukunjwe. Sifichi.

Basi Jumatano moja asubuhi, mwezi wa tano, basi la kutoka Mwanza likashusha mtungi mlangoni kwangu. Mrefu, wa njano, na kichwani una kibomba cha kufungulia. Simu ikalia.

"Taata, shikamoo. Mtungi umefika?"

"Marahaba. Umefika. Mbona mzito hivi, una nini?"

"Hewa."

"Una nini?"

"Hewa, Taata. Ya kupumulia chini ya maji. Huku tunao mmoja tu mzima, na sheria yetu hakuna kushuka peke yako. Bi Salma anaondoka kesho saa nane mchana, na gari lake halisubiri."

"Mtu wa kuuleta yuko wapi?"

"Ameshikwa na homa." Akashusha sauti. "Taata, najua unavyotaka kazi hii ife. Ila sina mtu mwingine."

Ningeweza kusema mgongo unauma. Mgongo kweli unauma. Ningekaa tu kwenye kiti changu mpaka Alhamisi ipite, na mwezi wa sita Koku angekuwa hapa anapanga kahawa. Lakini mtoto alikuwa amenikabidhi mzigo, na tangu mwaka 1969 mimi sijui kukataa mzigo.

"Kesho saa nne utakuwa nao," nikamwambia.

"Usifungue hicho kibomba, Taata."

"Nifungue ili iweje? Hewa ninayo."

Nyaishozi hadi Omurushaka, juu ya ndizi

Nilipata pikapu ya mikungu ya ndizi. Dereva ni Deo, Mhaya wa Muleba, mtu wa maneno mengi na breki chache. Nyuma tulikuwa mimi, mtungi, vijana wawili waliolala safari nzima, na mama mmoja mfanyabiashara wa maharage aitwaye Yustina. Hatujafika mbali, Yustina akaanza.

"Baba, shikamoo. Gesi hiyo ni ya kilo ngapi?"

"Marahaba. Si gesi."

"Ni nini?"

"Hewa."

Akatazama mtungi. Akatazama mbingu. "Hewa ya wapi?"

"Ya Mwanza."

"Kumbe ya Nyaishozi ina kasoro gani?"

Deo akasikia kupitia dirishani, akapunguza mwendo ili acheke vizuri. "Mzee, sisi Wahaya tunasemwa kwa kujivuna, lakini hata sisi hatujaanza kuagiza hewa Mwanza!"

Nikawaacha wacheke. Ila tulipoanza kupanda mlima gurudumu la nyuma likalia pshii, tukashuka. Deo hakuwa na gurudumu la akiba. Alikuwa na viraka na gundi, akaziba tundu, akaweka mpira mahali pake. Kisha akasimama, mikono kiunoni. Pampu hakuwa nayo. Taratibu, bila mtu kusema neno, wote wakageuka kunitazama mimi na mtungi wangu.

"Mzee," akasema Deo, kwa sauti tamu kama ya mchumba. "Hewa si hiyo hapo?"

"Hiyo ni ya watu."

"Hewa ni ya Mungu, jamani waitu!" akasema Yustina.

"Ya Mungu ni hii ya nje. Hii ina mwenyewe."

Nikaukalia. Kweli, niliukalia mtungi kando ya barabara kama kuku anayelalia mayai, na kila mpita njia alisimama akahadithiwa kuhusu mzee mwenye hewa anayewanyima wenzake hewa. Mtu mmoja wa baiskeli alishuka kabisa akanishauri nimrudie Mungu. Huyo mshauri ndiye aliyekuwa na pampu. Tulijaza gurudumu la pikapu kwa pampu ya baiskeli, kwa zamu, karibu saa mbili. Mimi nilipiga zamu tatu zaidi ya wengine, maana aibu nayo ina uzito wake.

Omurushaka hadi Kihanga, ambako sikuwa na safari

Omurushaka tulifika alasiri. Sijamaliza kuuegemeza mtungi ukutani, dereva wa bodaboda akaja mbio akinyoosha mikono.

"Wewe ndiye mzee wa mtungi?"

"Ndiye mimi."

"Tumekusubiri tangu asubuhi! Panda, panda, watu wanalia huko!"

Nikajua Koku amemtuma. Akaufunga mtungi kwa mpira, mimi nikakaa nyuma yake nikiushikilia, tukaondoka. Jina lake Projestus. Baada ya muda nikaona tumeshika barabara ya kwenda Bukoba, siyo ya Nkwenda.

"Kijana, njia hii inafika ziwani?"

"Inafika popote, mzee wangu."

Jibu hilo nililiamini, na ni kosa langu.

Tukaingia Kihanga, kwenye mji wenye maturubai na muziki. Wanawake walipoona mtungi walipiga vigelegele ambavyo sikupigiwa hata siku ya harusi yangu. Kumbe wana sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, na mpishi wao, mtu wa kukodi kutoka Bukoba, aliishiwa gesi akiwa na sufuria mbili za pilau mbichi. Kuni alizikataa. Alisema moshi unaharibu jina lake. Projestus ndiye aliyetumwa Omurushaka kumpokea mtu wa gesi.

Mimi bado nasalimiana na wazee, na huku kwetu mnajua salamu hazikatwi katikati, mtungi ukabebwa jikoni. Nilipofika, mpishi ameshalazimisha bomba la gesi kwenye kichwa cha mtungi, kiberiti kiko mkononi.

"Ndugu, acha! Hiyo ni hewa!"

"Hata gesi ni hewa, mzee," akasema, akafungua.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Bomba likachomoka likawa linaruka jikoni kama nyoka aliyekanyagwa. Kofia ya mpishi ikaingia kwenye pilau. Kiberiti kikazimika, na beseni la unga wa chapati likapulizwa lote kwa mkupuo mmoja juu ya shangazi watano waliokuwa wamevaa sare ya zambarau. Walibaki weupe, macho tu yanapepesa. Nikauangukia mtungi kwa kifua na kuzungusha kibomba mpaka ukanyamaza.

Baba wa bibi harusi akaja na fimbo. "Mzee, umetuletea jini gani?"

"Ni hewa ya binti yangu."

"Binti yako anaumwa?"

"Haumwi. Yuko kazini."

Wakatazamana. Nikasikia mmoja wa shangazi weupe akinong'ona, "Maskini, mtoto wake anafanya kazi mahali pasipo hewa." Basi hasira zote zikageuka huruma. Niliketishwa meza ya wazee, nikapewa ndizi na nyama ya mbuzi, nikapewa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kila aliyepita alinigusa bega akasema pole. Niliwaeleza mara tatu. Kila nilivyoeleza ndivyo waliongeza nyama.

Mvua ikashika, wakanilaza hapohapo. Ila usingizi haukuwa mzuri. Sikujua kilichobaki ndani ya mtungi. Gunia la kahawa likipungua unaliona linalegea. Hewa ikipungua, mtungi ni uleule, mzito vilevile. Nilijiuliza, na hili nawaambia nyinyi tu, kama kweli nasikitika au kama moyoni nimefurahi kwamba mpishi amenifanyia kazi.

Kihanga hadi kizuizini

Asubuhi Projestus alikuja amenyoa ndevu kwa ajili ya kuomba msamaha. Alisema atanipeleka mpaka ziwani hata kama ni Kongo. Tukarudi Omurushaka, tukashika njia ya Nkwenda, barabara ina utelezi, na mbele kidogo ya Nkwenda tukakuta kizuizi. Mpaka uko karibu huko, wanakagua watu. Ofisa kijana akanisimamisha.

"Shikamoo mzee. Mtungi unakwenda wapi?"

"Marahaba. Ziwani, kwa binti yangu." Na hapa kiburi kikaniponza, maana kwa mara ya kwanza nilitaka kuitaja kazi ya mtoto wangu kwa jina lake. "Yeye ni mzamiaji."

Ofisa akatoa kalamu.

"Mzamiaji."

"Ndiyo."

"Amezamia lini?"

"Alianzia pwani. Huku Kyerwa anazamia tangu mwezi wa kwanza."

"Peke yake?"

"Hapana, sheria yao ni wawili wawili. Leo amekuja mkubwa wao kutoka pwani, wazamie pamoja."

"Wana mkubwa wao!" Akawaita wenzake wawili. "Na huyo mkubwa amezamisha watu wangapi?"

"Nasikia wengi. Ndiye mwalimu wao."

"Na wewe, mzee, kazi yako katika kikundi ni nini?"

"Mimi nawapelekea hewa."

Projestus alishika kichwa. Tukaketishwa kwenye benchi. Wakataka majina ya nchi walizotoka, nikasema Nyaishozi. Wakauliza wanalala wapi, nikasema kwenye hema kando ya maji. Kila jibu la kweli lilinizamisha zaidi. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, na simu ya Koku haipatikani. Tulikaa mpaka alipokuja ofisa mkubwa wao, mtu mzima wa kutoka Tanga, akasoma karatasi, akausogelea mtungi, akaupiga kofi dogo, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Vijana, huyu binti anaingia kwenye maji! Maji ya samaki!" Akafuta machozi. "Mzee, siku nyingine sema mpiga mbizi. Huku mpakani mzamiaji ni mtu anayeingia nchi bila kibali."

"Ningejuaje? Mimi nimeishia darasa la pili."

"Na hawa wamefika chuo," akasema, akiwatazama vijana wake.

Akatufungulia. Ilikuwa saa sita na nusu.

Isingiro hadi majini

Baada ya Isingiro tukaacha barabara. Kule kuteremka bondeni pikipiki ilikataa, gurudumu linazunguka tope tu. Nikamwambia Projestus abaki nayo. Nikachana majani makavu ya mgomba, nikasokota ngata, nikajitwika mtungi kichwani kama ujanani, nikaanza kushuka. Magoti yalilalamika. Sikuyajibu.

Nilipofika mahali ambapo ziwa linaonekana, nikaona watu. Watu wengi. Wanaume wamekaa kwenye nyasi vichwa chini, wanawake wamejifunga kanga viunoni, masufuria ya ndizi yako motoni, na kikundi cha akina mama kinaimba ule wimbo wa kanisani ambao hauimbwi kwenye harusi. Nikamkuta mwanamke anachota maji.

"Mama, kuna nini hapa?"

"Msiba, baba. Pole na safari."

"Nani?"

"Wanasema bado yuko chini ya maji. Yule binti wa Nyaishozi ndiye..." Akaitwa na wenzake, akaondoka na ndoo yake.

Jamani. Nimebeba mizigo miaka yote hii, lakini mtungi ule haujawahi kuwa mzito kama pale. Nikaona mambo yote kwa mpigo: mtoto amechoka kusubiri, ameshuka peke yake, na hewa yake nimeikalia barabarani, nimeimwaga Kihanga kwenye pilau, nimeichelewesha kwenye benchi kwa kujisifu. Na ndani ya hayo yote likaja lile neno nililolifikiria usiku, kwamba labda nimefurahi. Miguu ilikuwa inatembea yenyewe. Sikuutua mzigo. Sijui kwa nini. Nilitembea katikati ya waombolezaji nao kichwani, nalia kwa sauti kama mtoto, na watu wakanipisha wakisema, huyu ndiye ndugu wa marehemu.

Pale ukingoni kitu cheusi kikainuka kutoka kwenye majani, kinang'aa kama kambare, kina miguu ya bata.

"Taata! Mbona unalia? Hewa imemwagika?"

Alikuwa Koku, ndani ya suti yake ya mpira. Nilimtazama. Nikataka kumpiga kofi, nikataka kumshika, na mtungi uko kichwani.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Hakuna aliyekufa, Taata! Ndiyo shida yenyewe!"

Akanieleza haraka haraka. Ofisi ya kijiji ilibandika tangazo: wananchi wote wafike Alhamisi kuelezwa juu ya urithi uliopo chini ya maji. Sasa nyinyi mnajua. Huku kwetu ukisikia urithi, kuna mtu amekufa. Ukiwa na urithi lazima uwe na marehemu, na ukiwa na marehemu lazima matanga, na matanga hayaanuliwi bila kumtaja mrithi. Basi watu wa heshima wakaja na kuni, ndizi na vilio. Zaidi ya hapo koo mbili zilikuwa zimefika na wazee wao, kila ukoo una babu aliyezama zamani, na kila ukoo unasema mtumbwi ni wa babu yao. Yule mama mchota maji alikuwa anataka kuniambia tu kwamba binti wa Nyaishozi ndiye aliyemwona marehemu.

Bi Salma alikuwa ameketishwa kwenye mkeka wa heshima, mama mnene mwenye miwani, anapewa pole na kila mtu naye anajibu asante. Mbele yake walimwekea sahani ya senene wa kukaanga, wale panzi wetu. "Hawa kamba wenu wa ziwani watamu sana," akaniambia. "Tena wana miguu mirefu." Sikumsahihisha. Mgeni akishafurahi mwache.

Saa yake ilionyesha saa saba na robo. Lakini mzee wa ukoo wa kwanza alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingilia majini, fimbo imelala mbele yake.

"Hakuna kushuka kabla mrithi hajatajwa."

Koku akapiga goti, na miguu yake ya bata. "Baba zangu, waitu, urithi huu si wa mtu mmoja. Ni wa watu wote."

"Wote hawarithi," akasema mzee. "Anarithi mmoja, wengine wananung'unika."

Watu wakaitikia. Ni kweli, ndivyo ilivyo.

"Basi sikilizeni. Huu haugawanywi wala hauondolewi. Mtumbwi unabaki chini, majembe yanabaki chini. Ukiyatoa kwenye maji yanaoza ndani ya mwaka."

"Kwa hiyo mrithi ataishi humo ndani ya maji?"

"Hapana, baba. Anakuwa mlinzi tu."

"Akiwa anakaa mbali?"

"Hata akikaa mbali. Mradi anajua kitu kilivyo, na hamruhusu mtu akivuruge."

Mzee akatikisa kichwa, lakini mimi neno lile lilinishika. Sikuwa na muda wa kulitafuna. Nikautua mtungi, nikatoa kofia, nikasema, "Wazee wenzangu, mimi ni mgeni. Lakini kesi hii mnaisikiliza bila mhusika. Kwa nini hawa wawili wasishuke wamuulize marehemu mwenyewe?"

Wakanong'onezana, ukoo wa kwanza na wa pili. Ndani ya dakika tano fimbo ikaondolewa. Hata wao walishangaa kwa nini hawakuliwaza hilo mapema.

Koku akafunga saa yake ndogo ya kupimia hewa kwenye mtungi, akatazama mshale. Uso ukabadilika.

"Taata. Nani amefungua?"

"Mpishi wa Kihanga."

"Mpishi?"

"Mzigo umepungua," nikamwambia. "Nimekuletea mzigo pungufu."

Miaka hamsini na zaidi, na maneno hayo nilikuwa sijawahi kuyatamka. Bi Salma akasogea, akasoma mshale, akasema, "Inatosha kutazama. Haitoshi kuchora. Nitashuka nao mimi. Wewe chukua ule uliojaa, tukishuka tunapanda."

Wakaingia. Kikabaki kipande cha maji na mapovu. Akina mama wakaacha wimbo katikati ya ubeti. Mimi nilitazama mapovu. Yalikuwa mafungu mawili, na nililijua fungu la mtungi wangu, lile dogo. Sikutaka mradi ukunjwe tena. Nilitaka tu lile fungu dogo lisikatike. Likawa dogo zaidi. Nikashika pumzi yangu mwenyewe, kana kwamba ningeweza kumwachia yule mama.

Vikaibuka vichwa viwili. Bi Salma akavua kioo cha machoni, anahema.

"Marehemu amesema nini?" mzee akauliza kabla hata hajafika ukingoni.

Yule mama wa pwani alimtazama mzee, akatutazama sote na masufuria yetu. "Hakusema, baba. Amelala vizuri. Ila ana wapangaji. Samaki wametaga katikati ya majembe, mtumbwi wote umejaa watoto wao."

Wazee wa koo mbili wakainamiana tena. "Kama ana wapangaji," akasema mzee, "hawafukuzwi. Na huyu binti awe mlinzi wao, maana ukoo wake haumo kwenye kesi." Wakaandika kwenye daftari la ukoo. Matanga yakaanuliwa hapohapo, ndizi zikaliwa, na Bi Salma akafungiwa senene kwenye jani apeleke kwao.

Kabla ya kupanda gari alimwambia Koku, mbele yangu, "Barua yako ya ajira naiandika leo."

Tukabaki wawili. Koku akakaa karibu nami, maji yanamchuruzika.

"Taata, umekasirika? Ulitaka nirudi."

"Nilitaka."

"Tulipeana mkono."

"Mkono ulikuwa wa mradi kukunjwa. Haukukunjwa." Nikakung'uta tope magotini. "Mpishi ndiye ananiudhi."

Akacheka. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia tangu jana watu wananilisha kwa sababu yake, wakidhani anafanya kazi kaburini.

Nyumbani

Kurudi hakukuwa na jambo, isipokuwa Projestus kutaka kila tunapofika nisimulie tena habari ya kizuizi. Jumapili baada ya ibada niliita wazee wa ukoo wetu na mashahidi wawili nikasema nilichosema. Walinung'unika kama kawaida. Waliuliza mrithi gani anayekaa ziwani. Nikawaambia anajua kitu kilivyo na hatamruhusu mtu akivuruge, na mwenye neno zaidi aje nalo nikiwa hai.

Leo ninamiliki vitu hivi. Kibanja cha ekari sita hapa Nyaishozi, chenye migomba na mibuni. Mashine moja ya kukoboa kahawa, inafanya kazi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, na ile ya zamani ya miti. Shamba la maharage kule rweya, penye uwanda wa majani. Ng'ombe watatu na ndama mmoja. Baiskeli mbili, moja haina mnyororo. Redio. Blanketi. Mrithi ni Kokugonza, anakaa Kyerwa kando ya maji. Vyote vinabaki vilipo.